Mwalimu wa ndege ana hataza za eksirei, nimwamini kwa lipi?

SWALI: Kaka mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama wa Area C hapa Dodoma, kijana wangu kamaliza kidato cha sita na hasikii la mtu, anataka urubani tu. Kapata mwalimu Marekani anayefundisha mwenyewe, hana chuo, kwenye maelezo yake kaandika ana leseni ya ualimu wa ndege na pia hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, za mambo ya picha za eksirei. Nimeingia kwenye rekodi za mamlaka yao nikaliona jina, leseni ina tarehe ya kutolewa ila ya kuisha haipo. Ni feki? Na hizo hataza zina uzito gani, maana kijana anasema mtu mwenye akili hivyo hawezi kumfundisha vibaya.

JIBU: Dada yangu, umefanya vizuri sana kuangalia kabla hujatuma hela, wazazi wengi wanaangalia baadae. Hiyo ya tarehe isikutishe. Leseni ya rubani ya Marekani haina mwisho, na ya ualimu zamani ilikuwa inaisha kila miezi 24, ila kuanzia tarehe 1 Desemba 2024 FAA, hiyo mamlaka yao ya usafiri wa anga, wameacha kuandika tarehe ya kuisha kwenye leseni mpya za ualimu, ila mwalimu bado anatakiwa kutimiza masharti fulani ndani ya kila miezi 24 ili aruhusiwe kuendelea kufundisha. Kwahiyo kuona jina tu hakutoshi, muombe uthibitisho wa hiyo miezi 24. Afu soma mistari ya chini pale, inasema anaruhusiwa kufundisha ndege ya injini moja, au injini mbili, au kuruka kwa kufuata vyombo tu pale mawingu yakiziba, ambayo haijaandikwa hana ruhusa ya kufundisha. Na rekodi ile haisemi kama ni mvumilivu au kama wanafunzi wake wanafaulu, hayo waulizwe wanafunzi wenyewe.

Sasa hataza. Hataza inasema wazo lake lilikuwa jipya siku alipoomba, basi, haisemi kama mashine ilitengenezwa wala kama inauzika, na kwa kawaida haizidi miaka 20 tangu siku ya maombi, tena ada zikilipwa. Zinasomwa bure mtandaoni, mfungulie kijana aone: kuna jina la mvumbuzi na kuna la mwenye haki, mara nyingi huyo wa pili ni kampuni iliyomuajiri. Linganisha na mji pia, maana majina yanafanana, na mvumbuzi wa eksirei anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Hata ikiwa ni yeye kweli, heshima yake ni ya kwenye eksirei. Wilhelm Röntgen aliyegundua mionzi hiyo mwaka 1895 hakuomba hataza kabisa, na mwaka 1901 akapewa Nobel ya kwanza ya fizikia, kwahiyo kuwa nazo au kutokuwa nazo hakupimi ukubwa wa mtu hata kwenye fani yake mwenyewe, seuze kutua na ndege yenye mwanafunzi ndani!

Ila kinachonipa wasiwasi zaidi ni hilo la kufundisha mwenyewe. Mgeni anayekwenda Marekani kusomea urubani kwa viza ya mwanafunzi anahitaji fomu inayotolewa na chuo kilichoidhinishwa na serikali yao, mwalimu mmoja mmoja hawezi kuitoa, na kuna ukaguzi wa usalama wa mgeni kabla hajaanza mafunzo ya kurusha. Muulizeni waziwazi anafanya kazi chini ya chuo gani, akizungukazunguka acheni. Na kabla ya kulipa chochote wasilianeni na TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, kijana akirudi na leseni ya kule hawezi kuanza tu kurusha ndege zilizosajiliwa Tanzania, wao ndio wanaoitambua au kuibadilisha, kwahiyo wawaambie mapema watataka masaa mangapi, mitihani ipi na cheti gani cha afya.