Nyota za bosoni: anza bila chaji

Wanafunzi wanaoniandikia kuhusu nyota za bosoni, yaani nyota za kinadharia za chembe ziitwazo bosoni, zisizo na upeo wa tukio (mpaka wa shimo jeusi ambao hata mwanga ukishauvuka haurudi), karibu wote wanataka kuanzia penye utamu: uga wa skala (wenye thamani kila mahali lakini usio na mwelekeo) wenye chaji, milinganyo ya Einstein ya mvutano na ya Maxwell ya umeme na sumaku kwa mpigo. Mimi huwaambia jambo moja. Weka chaji sifuri kwanza, hata kama tasnifu yako yote inahusu chaji.

Nyota ya bosoni, ambayo mwanafizikia Kaup aliikokotoa mwaka 1968, haina uso wala upeo wa tukio. Ni uga unaotetema kwa masafa mamoja (yaani kasi moja ya mitetemo, si umbali), ukishikiliwa na mvutano wake wenyewe. Kazi yako ni kuyapata masafa hayo. Unachagua thamani ya uga katikati ya nyota, unakisia masafa, kisha programu inakokotoa kuelekea nje. Yakizidi, uga unavuka sifuri na kuporomoka. Yakipungua, unapinda na kupaa. Gawanya nafasi iliyo kati ya makisio hayo mawili tena na tena, hadi desimali za kompyuta ziishe. Hata hapo mkia utalipuka mbali na kitovu, na hilo si kosa lako: ukate kabla haujalipuka.

Usishtuke pia masafa ghafi yakizidi tungamo la chembe, m. Ulianza na saa ya kitovuni. Yapime upya kwa saa ya mtu aliye mbali sana na nyota, nawe utayaona yakishuka chini ya m.

Sasa chora tungamo la nyota dhidi ya masafa. Kilele kiwe 0.633 ya mraba wa tungamo la Planck (kipimo cha asili cha tungamo katika fizikia) ukigawanya kwa m, masafa yakiwa karibu 0.853 ya m. Usipokipata, usiguse chaji. Na nyota zilizo ng'ambo ya kilele, yaani zenye uga mkubwa zaidi katikati, ingawa programu inazitoa vizuri, si thabiti: ukizitikisa kidogo huporomoka kuwa shimo jeusi au hutawanyika.

Baada ya hapo ongeza chaji kidogo kidogo, jibu lililotangulia likiwa kisio la linalofuata. Wanafizikia Jetzer na van der Bij walionyesha mwaka 1989 kwamba msukumano wa chaji hupandisha kilele, hasa ukikaribia kulingana na mvutano kati ya chembe na chembe. Amua mapema potenshali ya umeme iwe sifuri wapi, kwa sababu ukiihamisha, masafa nayo yanahama. Mimi huiweka sifuri mbali kabisa na nyota, na huandika hivyo chini ya kila grafu.