Je, Davis ni tawi la Berkeley? Muundo wa vyuo vikuu vya umma vya California

SWALI: Ndugu Mtaalamu, binti yangu amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi ya shahada ya kwanza katika vyuo viwili vya California, Marekani. Kimoja ni Davis, ambako anataka kusomea sayansi ya wanyama, na kingine ni San Diego State. Jirani yetu aliyewahi kuishi huko anasema Davis ni tawi la Berkeley, kwa hiyo cheti kitatoka Berkeley. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nyaraka za Davis zinamtaja chansela kuwa mkuu wa kampasi, na za San Diego zinamtaja rais, ilhali chansela niliyemzoea mimi ni kiongozi wa heshima anayeonekana siku ya mahafali. Naomba unieleze vyuo hivi vimepangwaje, cheti kitatolewa kwa jina la nani, na kama akitaka kufika uzamivu ataweza kubaki hapo hapo. Mzazi, Morogoro.

JIBU: Ndugu Mzazi, jirani yako hakukosea kabisa, amechelewa tu miaka zaidi ya sitini. Davis ilianza kweli kama shamba la mafunzo la Berkeley. Sheria ya kuanzisha shamba hilo ilipitishwa mwaka 1905, na mwaka 1908 likaanza kupokea wanafunzi, wengi wao wakiwa vijana wa kilimo waliotakiwa kushika jembe na kukamua ng'ombe mbali na mji. Lakini mwaka 1959 Davis ilitangazwa kuwa kampasi kamili yenye mamlaka ya kufundisha fani zote, na tangu hapo haiko chini ya Berkeley kwa namna yoyote. Ili ueleweke mpangilio wa leo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu karibu kila jambo linalokuchanganya lina tarehe yake.

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill, iliyolipa kila jimbo ekari 30,000 za ardhi ya serikali kuu kwa kila mbunge na kila seneta liliyekuwa naye Washington, ili mapato ya ardhi hiyo yagharimie chuo cha kilimo na ufundi. California ilipata ekari 150,000. Wakati huohuo, mjini Oakland, kulikuwa na chuo binafsi kidogo kilichoitwa Chuo cha California, ambacho kilikuwa na walimu na kiwanja kizuri upande wa kaskazini lakini hakikuwa na fedha. Jimbo lilikuwa na fedha lakini halikuwa na chuo. Pande hizo mbili zilikubaliana, na tarehe 23 Machi 1868 Gavana Henry Haight akatia saini sheria iliyounda Chuo Kikuu cha California. Masomo yalianza Oakland mwaka 1869, na mwaka 1873 chuo kikahamia kwenye kile kiwanja, ambacho tayari kilikuwa kimepewa jina la Berkeley.

Hatua iliyoamua mengi zaidi ilikuja mwaka 1879, katiba ya jimbo ilipoandikwa upya. Ibara ya 9, kifungu cha 9, ilikitaja chuo kikuu kuwa dhamana ya umma inayosimamiwa na baraza linaloitwa Marejenti, na ikaagiza kwamba kisiingiliwe na siasa wala madhehebu. Naomba usikipite haraka kifungu hicho, kwani ndicho kinachotofautisha vyuo viwili alivyopata binti yako. Chuo Kikuu cha California, ambacho Davis ni sehemu yake, kimewekwa na katiba. Chuo Kikuu cha Jimbo la California, ambacho San Diego State ni sehemu yake, kimewekwa na sheria ya kawaida ya bunge. Majina yanafanana hata kwa Wamarekani wenyewe, lakini ni mashirika mawili yenye mabaraza mawili, bajeti mbili na historia mbili.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika lugha ya sheria. Bunge la California likitaka jambo fulani lifanyike vyuoni, mara nyingi huandika kwamba Wadhamini, yaani baraza la Chuo Kikuu cha Jimbo, watafanya hivyo, na Marejenti wanaombwa kufanya hivyo. Mwaka 2020, kwa mfano, lilipitisha sheria inayomtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Jimbo asome somo linalohusu historia na maisha ya makabila yaliyobaguliwa nchini humo, na sheria hiyo haikugusa Chuo Kikuu cha California. Si kwamba Marejenti hawaguswi kabisa, kwa sababu bunge ndilo linalopitisha ruzuku yao, na anayeshika mfuko hakosi la kusema. Masharti mengi huingia kwa mlango wa bajeti.

Marejenti ni 26. Kati yao 18 huteuliwa na gavana kwa kipindi cha miaka 12, mmoja ni mwanafunzi, na saba huingia kwa nyadhifa zao: gavana mwenyewe, naibu wake, spika, msimamizi wa elimu wa jimbo, rais wa chuo kikuu, na wawili kutoka umoja wa wahitimu. Kipindi kile kirefu kiliwekwa makusudi ili gavana mmoja asiweze kulibadilisha baraza lote. Hata hivyo kinga hiyo ina mipaka yake. Ronald Reagan alipoanza kazi ya ugavana Januari 1967, hazikupita wiki nne kabla ya baraza, naye akiwa mjumbe mwenye kura, kumwondoa Clark Kerr, rais wa chuo kikuu.

Sasa nije kwenye suala la chansela. Hadi mwaka 1952 chuo kikuu kizima, chenye kampasi zilizotapakaa kutoka kaskazini hadi kusini mwa jimbo, kiliongozwa na rais mmoja aliyeketi Berkeley. Robert Gordon Sproul, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1930 hadi 1958, alikuwa akiidhinisha mambo madogo ya kampasi zilizokuwa mwendo wa siku nzima kwa treni. Los Angeles, iliyoanza mwaka 1919 kama tawi la kusini, ilikuwa imekua kiasi cha kukataa kuendeshwa kwa barua, na Marejenti wakaamua kwamba Berkeley na Los Angeles kila moja iwe na mkuu wake, atakayeitwa chansela. Kerr ndiye aliyekuwa chansela wa kwanza wa Berkeley. Alipopanda kuwa rais mwaka 1958 alisukuma madaraka kuelekea kampasi, na leo kampasi zote kumi, yaani Berkeley, Davis, Irvine, Los Angeles, Merced, Riverside, San Diego, San Francisco, Santa Barbara na Santa Cruz, kila moja ina chansela wake anayeajiri, anayesimamia bajeti na anayewajibika kwa rais.

Chuo Kikuu cha Jimbo kimefanya kinyume. Huko chansela ndiye mkuu wa mfumo mzima, na kila kampasi ina rais. Kwa hiyo chansela wa Davis na rais wa San Diego State ni watu wa ngazi moja, na wote wawili kazi zao zinakaribiana na za yule tunayemwita hapa Makamu Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Chuo wa heshima, kama tulivyourithi utaratibu huo kutoka Uingereza, hayupo katika mifumo hii miwili. Nimewahi kuona fomu ya mwombaji mmoja ikirudishwa na ofisi moja ya hapa nchini kwa madai kwamba barua yake ilisainiwa na kiongozi asiye mtendaji, kumbe kosa lilikuwa katika tafsiri ya cheo tu.

Je, Davis tuifananishe na nini? Wengi hufikiria Mkwawa au DUCE, ambavyo ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila kimoja kikiongozwa na rasi. Mfano huo haukai sawa, kwa kuwa kule kuna mama na watoto, na California hakuna kampasi mama. Ulio karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki cha mwaka 1963 hadi 1970, ambapo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa ndugu watatu chini ya paa moja, hakuna aliyekuwa tawi la mwenzake, na shahada ilitolewa kwa jina la paa. Tofauti ni kwamba paa letu lilibebwa na nchi tatu, zikaachana baada ya miaka saba, lakini la California linabebwa na jimbo moja na katiba moja.

Swali lako la uzamivu linatupeleka mwaka 1960. Baada ya vita kuu ya pili watoto walizaliwa kwa wingi, na ilijulikana wazi kwamba wangefika milango ya vyuo miaka ya sitini. Vyuo vya ualimu vya jimbo, ambavyo San Diego State ni mojawapo tangu 1897, vilikuwa vimepanuka na vilitaka kuwa vyuo vikuu kamili vyenye utafiti na shahada za uzamivu. Kila mbunge naye alitaka kampasi katika eneo lake la uchaguzi. Kerr na wenzake waliandaa kile kilichoitwa Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu, ambao kwa maoni yangu ulikuwa mkataba wa amani kuliko falsafa ya elimu, ingawa husifiwa zaidi kwa hilo la pili. Chuo Kikuu cha California kilipewa haki ya pekee ya uzamivu na kikatakiwa kuchukua moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari za jimbo, sawa na asilimia 12.5. Vyuo vya jimbo vilipewa baraza lao la Wadhamini, vikaruhusiwa kutoa shahada ya kwanza na ya uzamili, na kuchukua theluthi moja ya juu. Vyuo vya jamii, ambavyo leo ni 116 na husomesha miaka miwili ya mwanzo, vilitakiwa kumpokea yeyote anayeweza kufaidika, na mwanafunzi anayefaulu huko ana njia ya kuhamia mfumo mmoja kati ya hiyo miwili katika mwaka wa tatu.

Viwango hivyo vya asilimia, tafadhali, visikutishe wala visikupe matumaini, kwa sababu vinawahusu wakazi wa California. Mwombaji kutoka nje huamuliwa na kampasi moja moja, hata kama amejaza fomu moja ya kampasi zote tisa zinazotoa shahada ya kwanza. San Francisco, ambayo ni ya fani za afya, haina wanafunzi wa ngazi hiyo. Wanafunzi wa nje pia hulipa ada ya ziada juu ya ile ya wakazi, na mwaka 2017 Marejenti waliweka ukomo wa idadi yao, ambao kwa Davis ni asilimia 18 pamoja na wale wanaotoka majimbo mengine ya Marekani.

Mpaka ule wa uzamivu umelegea, lakini haujaondoka. San Diego State hutoa shahada kadhaa za uzamivu kwa ushirika na kampasi ya San Diego ya Chuo Kikuu cha California, ambayo iko mji huohuo na ambayo watu huichanganya nayo kila siku. Tangu mwaka 2005 sheria imeruhusu Chuo Kikuu cha Jimbo kutoa peke yake uzamivu wa kikazi katika elimu, na baadaye fani nyingine za kikazi zikaongezwa. Kwa binti anayelenga utafiti wa wanyama hadi ngazi ya mwisho, Davis ina njia nzima chini ya paa moja, na ina shule kuu ya tiba ya mifugo inayoheshimika duniani. Kama lengo lake ni kupata shahada nzuri na kuingia kazini, au kuhamia kwingine kwa uzamili, San Diego State haimpunguzii kitu.

Kuhusu cheti, cha Davis kitasomeka kwamba Marejenti wa Chuo Kikuu cha California wametoa shahada, na jina la Davis litakuwepo. Berkeley haitatajwa. Cha San Diego State kitataja chuo hicho kwa mamlaka ya Wadhamini wa Chuo Kikuu cha Jimbo. Ithibati nayo hutolewa kwa kampasi moja moja na tume ya vyuo vikuu ya kanda ya magharibi ya Marekani, na vyuo vyote viwili vinayo. Atakaporudi na kuomba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) itambue tuzo yake, kwenye nafasi ya jina la chuo aandike jina kamili pamoja na la kampasi, yaani Chuo Kikuu cha California, Davis, kama lilivyo kwenye nakala ya matokeo. Akiandika California peke yake, afisa atakayepokea fomu hatajua ni kampasi ipi kati ya kumi, wala kama si mfumo ule mwingine.