Kwa mnaoanza kazi ya mabwawa ya mapambo: gugu maji

Mteja akikuonyesha kwenye simu picha ya bwawa lenye maua ya zambarau na kusema anataka lake liwe hivyo hivyo, itazame vizuri kabla hujakubali. Kama petali ya juu ina doa la njano na vikonyo vya majani vimevimba, hilo ni gugu maji. Ukiliminya kwenye kikonyo linabonyea kama sifongo, maana ndani limejaa hewa.

Uzuri wake ndio uliolisambaza duniani kutoka Amerika Kusini. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuliuza tangu 2016. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kusimuliwa: lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaletwa pia na Mto Kagera, na muongo uliofuata mitumbwi ikawa inashindwa kutoka mwaloni. Wakaletwa wadudu wadogo jamii ya fukusi, wanaolila gugu hili, nao wakasaidia sana. Lakini halijaisha.

Kwa hiyo mshawishi mteja apande yungiyungi. Nalo linachanua vizuri, na mizizi yake inakaa kwenye chungu unachoweza kukitoa.

Kazi ngumu ni pale unapoitwa kwenye bwawa ambalo gugu limeshajaa. Kila mche hutoa vitawi vya pembeni, na kila kitawi kina mche mwingine kwenye ncha. Maji yakiwa na rutuba, tuseme samaki wanalishwa sana, eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Ukiwakuta samaki alfajiri wamepandisha midomo juu wakitwetea, hewa imewaishia majini.

Opoa kwa mkono na wavu, kipande kwa kipande. Usikatekate kwa panga mle ndani; vipande vitachipua. Anza na mabua yenye maua, kwa sababu ua likishanyauka bua huinama na kuangusha mbegu majini. Anika juu ya sakafu, mizizi ikitazama jua, mbali na mtaro, mpaka majani yavunjike mkononi. Yasiyo na mbegu yafanye mboji. Yenye mbegu yachome yakishakauka. Na vaa mabuti na glavu: konokono wa kichocho hupenda kujificha kwenye ile mizizi.

Wengi huishia hapo, wakalipwa, wakaondoka. Baada ya mvua mteja anapiga simu akilalamika. Mbegu huweza kukaa kwenye tope hata miaka 20, basi tope nalo litoke, likamwagwe shambani penye ukavu, kamwe si mtaroni, maana mitaro yetu yote inaishia ziwani. Kwenye makadirio ya bei, liandike tope kwenye mstari wake peke yake. Ukilichanganya na usafi wa kawaida, mteja atalipunguza bei, na wewe utalibeba bure.