Mteja amelipa mara moja, oda imeingia mara mbili

SWALI: Duka langu la mtandaoni hapa Nakuru linapokea M-Pesa kwa STK Push (ombi la kulipa linalotokea kwenye simu ya mteja) ya Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa. Kuna siku oda moja inaingia mara mbili; siku nyingine mteja amekatwa pesa lakini mfumo unasema "inasubiri" hadi kesho yake. Jibu la malipo likifika, natafuta kama oda ipo, nikiikosa naiandika, natuma barua pepe, halafu narudisha 200 (yaani "nimepokea"). Nakosea wapi?

JIBU: Hapo kwenye kutafuta kwanza. Majibu mawili ya malipo yaleyale yakigongana, yote yatatafuta, yote yataikosa oda, na yote yataiandika. Barua pepe nayo inakuchelewesha: mtumaji asiyepata 200 hajui kama ujumbe umefika, na kwenye API (njia ya mifumo kuwasiliana) yoyote lazima ujiandae kuupokea tena.

ResponseCode 0 unayopata papo hapo ukituma STK Push ina maana ombi limepokelewa tu, pesa bado. Wakati huohuo hifadhi CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi hilo), yenye sharti la UNIQUE (isijirudie kwenye hifadhidata), na hali iwe "inasubiri". Jibu lenyewe likija na ResultCode 0, linganisha Amount na bei ya oda, kisha iachie hifadhidata iamue:

UPDATE malipo SET hali='imelipwa', risiti=$1
WHERE checkout_id=$2 AND hali='inasubiri';

Angalia imegusa mistari mingapi. Ikiwa 1, ndani ya muamala huohuo wa hifadhidata andika oda na uweke kazi ya barua pepe kwenye foleni. Ikiwa 0, usifanye lolote, rudisha 200. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL jibu la pili husubiri la kwanza limalize, kisha hukuta hali imeshabadilika. Hata yafike kumi, oda ni moja.

Kwa yanayokwama, weka kazi ya kila dakika inayochukua malipo yaliyosubiri zaidi ya sekunde 90 na kuyauliza kwenye stkpushquery, sehemu ya Daraja ya kuuliza hali ya malipo. ResultCode 1032 ni mteja amekataa, 1037 simu yake haikupatikana, 1 salio halitoshi. Ukiambiwa muamala wa M-Pesa bado unashughulikiwa, uliza tena baadaye. Usiuandike kuwa umeshindwa. Jibu la stkpushquery halileti namba ya risiti, kwa hiyo safu ya risiti iruhusu kuwa tupu.

Na kitufe cha "Lipa" kizime mara tu kinapobonyezwa. Mibonyezo miwili huzaa CheckoutRequestID mbili tofauti, na hapo UNIQUE haikusaidii.