Salfa unapuliza kabla ubwiri haujaonekana, presha unasubiri nini?

Juzi Jumanne usiku nimetoka kula, nimejinyoosha barazani, simu ikatoa mlio. Ni msomaji wa ukurasa huu, kijana wa Newala. Kaniruhusu niuweke ujumbe wake hapa bila jina:

"Shikamoo kaka karani. Nina miaka 36. Presha nimepima mara tatu, siku tatu tofauti, inacheza 160 kwa 100. Daktari kaniandikia vidonge. Mama kanikataza, anasema ukivianza huviachi mpaka unazikwa. Na mimi sijisikii kuumwa popote. Wewe unavinywa. Nifanyeje?"

Nilitaka kumjibu neno moja tu: kunywa. Nikajizuia, maana hata mimi neno hilo nililipewa mwaka 2019 na nikalitupa. Kwa hiyo dogo, kaa kitako. Na wewe unayesoma ukiwa Masasi, Ruangwa au Kilwa, unayetaka kumaliza ile nyumba iliyoishia kwenye linta na kumfikisha binti chuo, kaa pia. Habari hii ni yako.

Mwaka ule Mwenge wa Uhuru ulikesha wilayani kwetu, Tandahimba. Anayeujua mkesha wa Mwenge anajua: ngoma upande huu, mishikaki upande ule, na pembeni mahema ya watu wa afya wanapima bure. Nilipanga foleni kwa jambo moja, ni aibu kuliandika lakini naliandika: nilikuwa na wasiwasi wa VVU. Msimu uliotangulia nilikuwa na hela na akili kidogo. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikatoa ahadi kwa Mungu ambazo nyingine sijazitimiza mpaka leo.

Nesi akasema sina. Njomba, nilitoka mle hemani kama mtu aliyeuza korosho kwa bei ya ndotoni. Alikuwa bado anaongea nyuma yangu: "Lakini baba, presha yako 168 kwa 104, nenda kituo cha afya." Presha? Presha ni ya wazee, na ya wakubwa wa maofisini wenye kiyoyozi na kitambi. Mimi nina miaka 41, nabeba gunia. Kile kikaratasi alichoniandikia nilifutia mafuta ya mishikaki.

Baadaye kisogo kilianza kuniuma kila alfajiri, nikaenda. Nikapewa vidonge, nikanywa miezi miwili, nikapima, 130 kwa 84. Nikasema nimepona. Nikaacha. Miezi 14 nzima nilikuwa nakunywa unga wa mlonge na vitunguu saumu, nawahutubia watu kijiweni kwamba dawa za kizungu ni biashara. Kuna watu walinisikiliza. Mmoja wao simwoni tena kijiweni, na silali vizuri nikimkumbuka.

Hapa nina neno la kusema. Jirani yangu anatumia dawa za kufubaza virusi. Akikosa tarehe ya kliniki, siku ya tatu anapigiwa simu, akikosa tena anafuatwa nyumbani. Dawa zake bure, kadi yake iko mahali pake, wanamfahamu kwa jina. Leo ana afya kuliko mimi. Mimi niliacha vidonge miezi 14 na hakuna aliyeuliza yule wa presha yuko wapi. Simlaumu nesi mmoja mwenye foleni ya watoto wa malaria mpaka nje. Nchi zetu zilijipanga kwa miaka mingi kupambana na magonjwa ya kuambukizana, na zimefanya kazi kubwa, lakini haya yanayokaa na mtu maisha yote yameingia kimyakimya yakakuta hatuna daftari lake.

Tuje kwenye siku yenyewe.

Novemba 2021, saa nne asubuhi, msimu wa korosho umechanganya. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika. Kazi hiyo ukiifanya kwa haki unaheshimika, na mimi niliifanya kwa haki, sitaona haya kusema. Foleni ya wakulima imetoka ghalani mpaka chini ya mwembe. Gunia limepanda mizani, mwenzangu kasoma: "Themanini na moja." Nikaandika nane. Nakala ya kaboni ya risiti ile ninayo mpaka leo. Nane haikufunga. Kalamu ilipanda, ikageuka, halafu ikateleza kushuka mpaka ukingoni mwa karatasi kama njia ya konokono.

Nikataka kusema "subirini". Kilichotoka si neno. Nyuma ya foleni mtu akasema, "Karani kashaonja uraka," ile pombe ya mabibo, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Nilikuwa nawasikia. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekuwa mzigo, lakini masikio yangu mazima. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa bibi mmoja ambaye marehemu mumewe alianguka vivyo hivyo. Alisema, "Huyu hajalewa, mtazameni uso." Bibi yule kila msimu nampelekea kitenge. Waliocheka nawasalimia vizuri, lakini nawajua kwa majina.

Walinipakia kwenye pikapu mpaka Mtwara mjini, vumbi la njia ile mnalijua. Hospitalini mashine ilisoma 212 kwa 124. Kiharusi. Daktari akamwambia mke wangu nina bahati, kilikuwa kidogo, mkono utarudi. Ulirudi, isipokuwa vidole viwili ambavyo mpaka leo vinashika kikombe kama vinakopeshana nguvu.

Mambo ya wodini sina ya kusimulia, nililala na kutazama dari. Yaliyonimaliza ni ya nyumbani. Mjomba alikuja, akakaa, akatikisa kichwa, akatoa hukumu: mkono wa mtu. Kazi ya mizani ina maadui. Kwetu mjomba akisema amesema. Wiki tatu nilikaa kwa mganga bila kidonge hata kimoja, na kulipa ile kazi nikaweka rehani mikorosho 30 kwa misimu mitatu. Korosho zingine nikaziuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, mimi niliyekuwa nawakemea wenzangu kwa kangomba. Wakati huohuo CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6, na sikuwa nayo. Simu iliyokuwa mfukoni nilinunua 280,000.

Kule kazini nafasi yangu ikajazwa. Yule kijana aliyewekwa sina kinyongo naye, ana watoto. Lakini kikao kilikaa bila kunipa taarifa, nami nilikuwa kilomita mbili kutoka hapo, nimelala mkekani. Niliwasamehe. Mke wangu anasema sijawasamehe.

Nilipoweza kushika simu vizuri nikaanza kusoma, kwa hasira tu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 magonjwa haya yasiyoambukiza, yaani ya moyo na kiharusi, saratani, kisukari na ya mapafu yanayodumu, yaliua watu wasiopungua milioni 43. Karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, huku kwetu. Na waliokufa kabla ya miaka 70, watu milioni 18, zaidi ya wanane katika kila kumi ni wa huku. Ndiyo hao "wakubwa wenye viyoyozi" niliokuwa nawasema. Hapa Tanzania uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Hesabu foleni yako ya mnadani kwa kipimo hicho. Kwenye foleni ile iliyonicheka, walionicheka wakiwa na ugonjwa uleule hawakuwa wachache.

Kwa wenzetu matajiri mtu akiugua presha mara nyingi anakutwa mapema, anapewa dawa, anazeeka nayo. Sisi tunagundua siku mtu ameanguka, akiwa na miaka 43, ndiye anayelisha nyumba. Anauza shamba kwanza, halafu anakufa, halafu watoto wanarithi deni. Hapo umaskini na ugonjwa huwezi kujua nani kamzaa mwenzake. Na hata kalenda imetukalia vibaya: Novemba 14 ni Siku ya Kisukari Duniani, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921. Sisi Novemba 14 tuko mnadani.

Sasa dogo, nikurudie. Una mikorosho? Najua unayo. Mwezi wa sita, maua yanaanza kutoka, unafanya nini? Unapuliza salfa, ile dawa ya unga. Umeuona ubwiri unga, ule ugonjwa unaounguza maua? Hujauona. Maua meupe safi, mti umesimama kama bwana harusi, na wewe bado unajifunga kitambaa puani, unawasha mashine alfajiri umande haujakauka, unapuliza. Baada ya wiki mbili tatu unarudia. Hujawahi kusema, "Huu mti haujisikii kuumwa." Hujawahi kusema, "Nikiuanzishia salfa hautaiacha mpaka ukatwe." Ni kweli hautaiacha! Kila mwaka unapuliza, na kila mwaka unavuna. Anayengoja aone ule unga mweupe kwenye maua ndipo akimbilie dukani, tunamcheka, maana ua likishaungua halizai.

Presha ni hivyohivyo. Mshipa ukishapasuka au kuziba, kidonge hakiurudishi nyuma. Hujisikii kuumwa kwa sababu presha haina kawaida ya kupiga hodi. Kile kisogo changu kilikuwa upendeleo, wengi hawapewi hata hicho. Na ile 130 niliyoiona mwaka ule haikuwa kupona, ilikuwa kidonge kinafanya kazi. Nilikiona kinafanya kazi nikakifukuza kazi.

Mama yako msikilize kwa mengine yote. Kwa hili mwambie shikamoo, halafu kanywe dawa. Usibadilishe, usipunguze, usigawane na jirani, usiache kwa sababu namba zimekuwa nzuri. Kikikusumbua, kikakuvimbisha miguu au kukukohoza, rudi kwa daktari akubadilishie, ziko aina nyingi. Vidonge vyangu vya mwezi mzima nanunua kwa pesa isiyofika kreti moja la soda. Pima. Ukiwa na miaka 18 na kuendelea pima, hata kama unaruka sindimba mpaka asubuhi. Ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikirudi hivyo usitafute maoni ya kijiwe.

Chumvi. Hapa najua nagusa watu wa pwani pabaya, maana chumvi tunachota wenyewe Lindi na Kilwa. Kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, haijai hata kijiko cha chai, na hapo umehesabu ya kwenye mchuzi, ya samaki wa ng'onda, ya kila mahali. Mimi nilikuwa nachovya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, kwenye chumvi na pilipili mpaka vidole vinakauka. Siku hizi pilipili na ndimu. Wiki ya kwanza ilikuwa kama kula gazeti, nisikudanganye, ya tatu nikazoea. Chai vijiko sita vya sukari imekuwa kimoja. Sigara niliacha hospitalini. Mwendo ninao kwa sababu ya shamba, dakika 150 kwa wiki zinazotajwa nazimaliza Jumanne. Lakini wewe uliyehamia mjini na bodaboda inakusubiri mlangoni, jihesabie mwenyewe. Na pima. Nimesema pima? Pima tena.

Wiki iliyopita kliniki nilipata 126 kwa 80. Miaka mitatu mfululizo sijaruka kidonge, mikorosho yangu 30 imerudi, na mashine ya kupimia mkononi nimenunua yangu. Natembea nayo kwenye mfuko wa salfa, watu wananiita daktari kwa kejeli, halafu jioni wanakuja mmoja mmoja uani wakiwa wamekunja shati.

Jumapili alikuja mjomba. Miaka 67, hajawahi kupimwa chochote, yule yule wa mkono wa mtu. Alijifanya kapita kusalimia. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, nikamwacha apumzike dakika tano, nikamfunga mkanda. Mashine ikavimba, ikapumua, ikaandika 188 kwa 106.

"Mbovu hii," akasema. "Rudia."

Nikarudia. 186 kwa 104. Akaitazama muda mrefu kama anayesoma barua ya mahakama. Sikumwambia neno lolote kuhusu mganga wala rehani, ingawa nilikuwa nalo tayari ulimini, nimelitunza miaka yote hii. Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akaniuliza hivyo vidonge shilingi ngapi. Nikamwambia kwanza kesho nampeleka kituo cha afya, mimi si daktari. Akaitikia kwa kichwa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na uraka je?"