Uniti 30 za Kwanza: Jinsi ya Kuulinda Unafuu wa Stima Nyumbani na Kwenye Biashara

Nchini Kenya, unafuu wa bei ya stima hauombwi kwa fomu wala kwa barua. Umo ndani ya ratiba ya bei inayoidhinishwa na EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, na mfumo wa Kenya Power humpa au humnyima mteja kulingana na uniti anazotumia. Ndiyo sababu kuna familia zenye balbu tatu na televisheni ndogo zinazolipa bei ya nyumba kubwa, bila mtu yeyote kuwaambia.

Ratiba iliyoanza Aprili 2023 iliwagawa wateja wa nyumbani katika ngazi tatu. Anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi alipangiwa bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa uniti. Anayezidi 30 hadi kufika 100, shilingi 16.30. Anayepita 100, shilingi 20.97. Bei hizi zimekuwa zikirekebishwa kidogo mwaka wa fedha unapoanza, lakini mpangilio ni uleule. Juu ya bei ya msingi huja gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, marekebisho ya sarafu za kigeni, ushuru wa kusambaza stima vijijini wa asilimia 5, na VAT ya asilimia 16. Gharama ya mafuta hutangazwa kila mwezi na ni ileile kwa kila uniti, uwe kwenye ngazi ya chini au ya juu. Kwa hiyo shilingi 500 zikikupa uniti chache mwezi huu kuliko uliopita, usikimbilie kusema umepandishwa ngazi. Huenda ni mafuta tu.

Namna ya kujua ngazi yako ni rahisi. Fungua ujumbe wa tokeni kwenye simu. Kuna sehemu imeandikwa Units, nyingine TknAmt, na nyingine OtherCharges. Chukua TknAmt, ugawe kwa Units. Jibu likiwa karibu na 12, uko ngazi ya chini. Likiwa karibu na 16, uko ya kati. Likiwa 19 au zaidi, uko ya juu. Usigawe pesa yote uliyolipa, maana ndani yake mna ushuru na gharama nyingine, na hesabu itakudanganya.

Jambo linalowaumiza wengi ni kwamba ukivuka mpaka, bei mpya haishiki zile uniti za ziada peke yake. Inashika zote. Kwa bei za Aprili 2023, uniti 28 zilikuwa shilingi 342 kabla ya ushuru, na uniti 34 zilikuwa shilingi 554. Uniti 6 za ziada zimekugharimu shilingi 212. Kwenye mpaka wa pili pigo ni kubwa zaidi: uniti 98 ni shilingi 1,597 na uniti 106 ni shilingi 2,223. Uniti 8, shilingi 625! Mtu aliye karibu na mpaka ana kila sababu ya kuhesabu. Aliye katikati ya ngazi hana haja ya kujinyima pasi kwa ajili ya jambo hili.

Ngazi hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu, na kwa mita ya tokeni kinachohesabiwa ni uniti ulizonunua, kwa sababu kampuni haioni ulichotumia ndani ya nyumba. Hapo ndipo penye mtego. Tuseme nyumba hununua uniti 28 kila mwezi. Desemba, kabla ya kwenda mashambani, wananunua 60 ili wasirudi gizani. Wastani wa Oktoba, Novemba na Desemba unakuwa uniti 38.7. Tokeni yoyote watakayonunua Januari itakatwa kwa bei ya kati, ingawa matumizi yao hayajabadilika hata kidogo. Wakiendelea kununua 28 kila mwezi, ile 60 itawafuata hadi itoke kwenye hesabu ya miezi mitatu.

Ukishanunua nyingi kwa mara moja, dawa yake ni kutonunua kabisa mwezi unaofuata. Tumia akiba yote kwanza. Novemba 28, Desemba 60, Januari sifuri: wastani ni 29.3, na Februari uko ngazi ya chini tena. Mazoea mazuri zaidi ni kugawa. Nunua uniti 14 au 15 mara mbili kwa mwezi, na uandike tarehe na uniti kwenye daftari au kwenye ukuta karibu na mita. Anayenunua vipande vya shilingi 50 kila jioni bila kuandika hujikuta amepita 30 kabla mwezi haujaisha.

Kuhusu matumizi yenyewe, vitu viwili au vitatu ndivyo vinavyobeba bili, vingine ni vidogo. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 1.35 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa saa 5 kila siku ni uniti 9. Pasi ya wati 1,000 ni uniti moja kwa kila saa ambayo inavuta umeme. Halafu kuna shawa ya kupasha maji papo hapo: wati 5,000 kwa dakika 10 ni uniti 0.83, na watu wawili wakioga kila siku ni uniti 50 kwa mwezi. Nyumba yenye shawa hiyo haiwezi kubaki kwenye 30, hata ikizima balbu zote. Kwa kupika, sufuria ya umeme yenye presha huivisha nusu kilo ya maharagwe kwa chini ya uniti moja, hivyo mara nyingi gharama yake inalingana vizuri na ya makaa. Lakini piga hesabu ya kupika kwako kwa mwezi mzima kabla ya kuinunua, kwa sababu inaweza kukupandisha kutoka ngazi ya chini hadi ya kati, na bei ya uniti zote ikabadilika.

Uniti zikiisha haraka bila maelezo, pima kabla ya kulaumu. Kwenye mita mna taa ndogo nyekundu na maandishi ya imp/kWh, yaani idadi ya mimeto kwa kila uniti, mara nyingi 1,000. Zima kila swichi, chomoa friji na chaja, kisha utazame taa kwa dakika 6. Ikiendelea kumeta, kuna umeme unaovuja au kuna jirani aliyeunganishwa kwako. Kwa mita ya 1,000, idadi ya mimeto katika dakika 6 ukiizidisha mara 10 inakupa wati zinazotumika. Mimeto 6 ni wati 60, ambazo kwa mwezi mzima ni uniti 43. Sababu za kawaida ni waya uliochunika ukagusa ukuta wenye unyevu, au soketi ya nje inayoingiwa na maji. Mwite fundi mwenye leseni na usifungue mita wewe mwenyewe. Kwa friji, bana noti katikati ya mlango na ufunge. Ikitoka bila kukwama, raba imechoka na mashine inafanya kazi bila kupumzika.

Ploti za kupangisha ni suala jingine. Mwenye nyumba akiwa na mita moja kuu na mita ndogo kwa kila chumba, Kenya Power inaona mteja mmoja. Vyumba 8 vyenye uniti 25 kila kimoja ni uniti 200, kwa hiyo vyote viko ngazi ya juu, ilhali kila mpangaji peke yake angestahili ngazi ya chini. Kwa bei za 2023, kila chumba kinalipa shilingi 524 badala ya 305 kabla ya ushuru. Ploti nzima hupoteza shilingi 1,750 kwa mwezi, 21,000 kwa mwaka, na zinatoka mifukoni mwa watu wenye kipato cha chini kabisa, ambao ndio unafuu huu uliwekwa kwa ajili yao. Mwenye nyumba akiulizia gharama ya kuweka mita tofauti, hesabu hiyo ndiyo ailinganishe nayo. Wapangaji nao wanaweza kuipeleka kwake wakiwa wameiandika, ujumbe wa tokeni mkononi.

Biashara ndogo zina ngazi zinazofanana na hizo: hadi 30, hadi 100, na hadi 15,000. Kosa kubwa hapa ni kuchanganya duka na nyumba kwenye mita moja. Friji ya soda ya dukani inaipandisha nyumba nzima.

Biashara inayopita uniti 15,000 kwa mwezi huingia kwenye bei za viwanda, na huko mambo yanabadilika kwa sababu mteja hulipia uniti na pia kilele cha mzigo, yaani umeme mwingi zaidi anaouvuta kwa wakati mmoja, unaopimwa kwa kVA. Unafuu mkubwa wa viwanda ni bei ya saa za usiku, iliyoanza Desemba 2017: uniti hutozwa nusu ya bei ya msingi. Siku za kazi saa hizo huanza saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Jumamosi na sikukuu ni usiku hadi saa 2 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 8 mchana. Jumapili ni siku nzima. Mpango ulipoanza, nusu bei ilitolewa kwa uniti zinazozidi kiwango cha msingi cha kila mteja, kilichokokotolewa kutokana na matumizi yake ya nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuajiri zamu ya usiku, omba kiwango chako kwa maandishi. Kuhamisha kazi kwenda usiku bila kukipita ni kulipa marupurupu ya zamu bila faida.

Kazi zinazohamishika kwa urahisi ni kupampu maji kwenye matangi, kupoza vyumba vya baridi chini zaidi ya kawaida kabla ya alfajiri, kugandisha barafu, na kusaga. Tatizo linalojitokeza ni kuwasha kila kitu saa 4 kamili. Mota zote zikifanya kazi pamoja, kilele cha kVA kinapanda, na ulichookoa kwenye uniti kinaliwa na malipo ya kilele. Panga mota kubwa zifanye kazi kwa kupokezana, zisiwake zote kwa wakati mmoja.

Kisha angalia pawa fakta kwenye bili, yaani sehemu ya umeme unaouvuta ambayo inafanya kazi kweli. Ikishuka chini ya 0.9, kuna nyongeza ya asilimia 2 kwa kila asilimia 1 inayopungua. Kiwanda chenye mzigo wa kilowati 80 na pawa fakta ya 0.75 kinavuta kVA 107. Kikifikisha 0.95 kinavuta kVA 84, na hapo pia nyongeza yote inaondoka. Kinachohitajika ni kapasita, vifaa vya kurekebisha pawa fakta, za takriban kVAr 45 (kVAr ni kipimo cha ukubwa wake). Zinunue kama paneli inayojiwasha kwa hatua, si kapasita moja iliyofungwa moja kwa moja, kwa sababu mota zikizimwa usiku kapasita iliyobaki imeunganishwa inaweza kuipandisha volteji na kuunguza vifaa. Kama una mashine zinazoendeshwa kwa kidhibiti cha kasi, taka paneli yenye koili za kuzuia mawimbi, la sivyo kapasita zinaweza kuvimba na kupasuka. Kila miezi mitatu pima ampea za kila hatua kwa kipimo cha kubana waya. Kapasita iliyokufa haina kelele. Utaijua siku bili inapofika.

Kwa wenye pikipiki za umeme, ratiba ya 2023 iliweka bei ya pekee: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku, hadi uniti 15,000 kwa mwezi. Betri ya uniti 3 ikichajiwa baada ya saa 4 usiku ni shilingi 24 kabla ya ushuru. Bei hiyo inahitaji mita yake. Ukichajia kwenye mita ya nyumbani huipati, na unajipandisha ngazi.

Kuhusu umeme wa jua, kanuni za 2024 zinamruhusu mteja kurudisha umeme kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, mtambo usizidi megawati 1. Lakini uniti unayotoa inarudi kwako kama nusu uniti, na salio lisilotumika hufutwa mwisho wa mwaka wa fedha. Kwa hiyo pima mtambo kwa mzigo wako wa mchana. Mtambo unaotoa uniti 40 kwa siku huku mchana ukitumia 25 unarudishiwa 7.5 tu kwa zile 15 zilizobaki. Paneli chache na mashine ya kufulia iwashwe saa 6 mchana vina faida zaidi. Fundi awe na leseni ya EPRA ya daraja la T3, ambalo ndilo la mitambo inayounganishwa na gridi. Na muulize mapema kuhusu betri: inveta ya gridi (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) bila betri hujizima stima ikipotea, hata jua likiwaka, ili isiwapige mafundi walio juu ya nguzo.