Nanaa mmeiona, samaki 41 hamkuwaona

Tangu niweke ile picha ya nanaa iliyofunika tuta zima, simu yangu haijapoa. Juzi kaka mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Dada, hongera. Nina kiuwanja nyuma ya nyumba na laki nne mkononi. Nataka nanaa, rehani na yale majani madogo yanayoelea ya kulishia samaki, vyote kwenye tuta moja. Nianzie wapi?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Vyote kwenye tuta moja! Kama vile aliniona mwaka juzi.

Mfumo wangu wa akwaponiki, yaani samaki na mimea kutumia maji yale yale, uko uani hapa Mbezi, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Ni lile tanki jeupe la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma. Fundi alilikata juu, chini wakakaa sato, kipande cha juu kikawa tuta la kokoto. Pampu inapandisha maji ya samaki kwenye kokoto, yanashuka kwa bomba kurudi kwa samaki. Samaki wanatoa amonia, bakteria wanaojishika kwenye kokoto wanaigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, na hiyo ndiyo mbolea ya mimea. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Wiki hizo naziruka. Nilikuwa nakodolea maji tu, na shemeji yangu kila Jumapili akiuliza kama nafuga samaki au nafuga ndoo.

Kokoto zilinitia adabu mapema. Nilinunua za matumbawe kwa sababu ya bei, basi rehani ikawa njano, mishipa ya jani tu ndiyo imebaki kijani. Nikadhani ni njaa, nikazidisha chakula cha samaki. Mzee anayeuza miche barabarani ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, chukua kokoto moja uidondoshee siki." Ikatoa povu kama soda. Ni chokaa ile, inapandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, na pH ikipanda mimea haiwezi kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Nilizitoa zote, ndoo kwa ndoo, nikaweka kokoto ngumu zisizotoa povu. Kwa hiyo pimeni kokoto, na pimeni maji.

Sasa yale majani yanayoelea, dakwidi. Nilipewa kiganja kimoja kwenye mfuko wa plastiki. Kajani kadogo kuliko punje ya mchele, chini kana kizizi kimoja kama uzi. Hali ikiwa nzuri yanaongezeka mara mbili kwa siku mbili tatu, na yakikaushwa yana protini nyingi, ndiyo maana wafugaji wanayapenda. Kwenye tanki sato waliyafyeka kabla ya jioni. Mimi kwa ujanja wangu nikainua bomba la kutolea maji ili maji yasimame vidole viwili juu ya kokoto, nikayamwaga mle mle kwenye tuta, katikati ya nanaa na rehani. Siku kumi baadaye ni zulia. Nikapiga picha, nikajitapa kwenye kundi la WhatsApp, watu wakanipa makopa.

Rehani ilikuwa inaoza mizizi wakati huo, kwa kusimama majini usiku na mchana. Sikuiona, nilikuwa natazama makopa.

Alfajiri moja ya Januari nikatoka nikakuta ua umelowa kama mvua imenyesha, na mbingu nyeupe. Kuku wanadonoa majani ya kijani kwenye tope. Pampu inaunguruma ile sauti ya kukosa maji. Dakwidi ilikuwa imeshuka kwenye bomba, ikakutana na mizizi ya nanaa, ikaziba. Tuta likafurika, pampu ikaendelea kuvuta maji ya samaki na kuyamwaga nje usiku kucha. Kwenye tanki palibaki maji ya kina cha kiganja. Sato 60 wa ukubwa wa mkono, 41 wamekufa, wamelala ubavu wamebanana kama dagaa kwenye sinia. Shemeji alipokuja alisema, "Angalau supu ipo." Hajaomba radhi mpaka leo, na najua anasoma hapa.

Basi sikilizeni. Dakwidi ipewe beseni lake. Mchotee maji ya samaki, uweke penye kivuli kiasi, pasipo mkondo, maana inapenda maji yaliyotulia. Vuna kama nusu kila baada ya siku mbili tatu, isuuze, wape samaki na kuku. Ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo msiache chakula cha kawaida cha samaki mkadhani mmeokoa pesa. Pampu ipandisheni juu ya tofali. Bomba likiziba, angalau itaacha maji ya samaki kuvuta pumzi. Nanaa kateni mizizi inayotambaa. Rosemari iwekeni kwenye kopo la udongo, haipendi kulowa. Giligilani kwa joto la Dar inakimbilia kutoa maua, ila mtanibishia. Na pimeni maji. Nimeshasema? Nasema tena. Mnapenda picha mno, watu wangu, kipimo cha pH hamna, lakini pembe nzuri ya kupigia picha mnaijua. Tuta halioni makopa.

Haya yote nilimwandikia kaka wa Morogoro, ujumbe mrefu kama barua ya posa. Akajibu baada ya dakika mbili: "Asante sana dada. Lakini kweli tuta moja halitoshi?"

Nikamtumia picha ya beseni. Ya wale 41 ninayo pia, bado naisubirisha.